Nyanja za utafiti wa kompyuta: Wanafunzi wa Kitui na Makueni wasitafute mbali

MIONGONI mwa barua-pepe nilizopokea baada ya makala yangu kuhusu istilahi za teknolojia, moja imenikaa rohoni. Mwandishi wake ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa sayansi ya kompyuta katika chuo kikuu kimoja Ukambani. Aliandika: “Mwalimu, tumeambiwa tulete mada za utafiti kufikia mwisho wa mwezi. Wenzangu karibu wote wanaunda mfumo wa kusimamia maktaba au hosteli. Mimi sitaki. Lakini tukiacha kuunda mifumo, kwani kompyuta ina nini kingine cha kutafitiwa?”

Nimelitafuna swali hilo kwa siku kadhaa. Mimi si mwanakompyuta, ni mwanaisimu. Ila mambo ya lugha yamenifanya nile sahani moja na wanakompyuta kwa muda mrefu, na nimeketi katika vikao vya kutosha vya kutetea miradi kujua kwamba kijana huyu hayuko peke yake. Kila mwaka ni yale yale: mfumo wa maktaba, mfumo wa hosteli, mfumo wa duka la dawa. Baadhi hununuliwa mjini vikiwa tayari, jalada na yote, mwanafunzi akabaki kubadilisha jina tu. Tusidanganyane, walimu wanajua.

Si kwamba mfumo wa maktaba ni kitu kibaya. Maktaba inauhitaji. Lakini kuunda kitu ambacho kila mtu anajua jinsi ya kukiunda ni ufundi, na utafiti ni jambo jingine. Fundi anayejenga nyumba ya vyumba vitatu ni fundi, tena wa kuheshimiwa. Anayeuliza kwa nini matofali ya upande huu hupasuka mapema kuliko ya upande ule, akayapima, akalinganisha, akaandika alichokiona ili mwingine aweze kumkosoa, huyo ndiye mtafiti. Mtafiti huanza na jambo ambalo hakuna anayelijua kwa hakika, na ikiwa jibu linapatikana katika video ya dakika kumi kwenye intaneti, basi hapo hapana utafiti.

Kabla sijaendelea, neno moja kuhusu maneno. Wakenya tumegombana miaka mingi kuhusu iwapo tuseme kompyuta, tarakilishi au ngamizi. Sasa tunagombana na ndugu zetu wa Tanzania, wao wakisema akili mnemba na sisi akili unde. Leo nitasema kompyuta na akili unde, na anayetaka tugombane anisubiri wiki nyingine.

Tuanze na nadharia, nyanja ambayo wanafunzi wengi huikimbia kwa kuwa inanuka hisabati. Moyo wa sayansi ya kompyuta ni algorithimu, yaani utaratibu wa hatua kwa hatua wa kutatua tatizo. Neno lenyewe limetokana na jina la al-Khwarizmi, mwanahisabati wa Baghdad wa karne ya tisa, ambaye kitabu chake pia ndicho kilichotupa neno aljebra. Mtafiti wa nadharia hajali kompyuta yako ni ya bei gani. Anauliza: je, tatizo hili linaweza kutatuliwa? Likiweza, litachukua muda gani?

Hebu tulilete swali hilo Mutomo. Tuseme ni Septemba, kiangazi kimekaza, na lori moja la maji linatakiwa kupeleka maji katika vijiji 10, kisha lirudi. Dereva anataka mpangilio utakaomaliza mafuta machache zaidi. Njia za kupanga vijiji 10 ni 3,628,800. Kompyuta inayoweza kukagua mipangilio bilioni moja kwa sekunde itamaliza kabla hujafumba jicho. Ongeza vijiji viwe 15, kompyuta ile ile itachukua kama dakika 22. Vijiji 20? Itachukua zaidi ya miaka 75. Vijiji 25, mamia ya mamilioni ya miaka. Vijiji vitano tu vimeongezwa, na tumetoka kwenye umri wa mzee mmoja hadi umri wa milima!

Wataalamu wana mbinu za werevu kuliko kukagua kila mpangilio, lakini hadi leo hakuna aliyepata mbinu ya haraka inayotoa jibu bora kwa idadi yoyote ya vijiji, wala hakuna aliyethibitisha kwamba mbinu kama hiyo haiwezekani. Mwaka 2000, taasisi ya hisabati ya Clay, Marekani, iliweka zawadi ya dola milioni moja kwa atakayetegua kitendawili kilicho nyuma ya matatizo ya aina hii. Pesa zingalipo. Sisemi mwanafunzi wa mwaka wa tatu azifukuzie. Nasema kwamba kutafuta mpangilio mzuri wa kutosha, si lazima uwe bora kuliko yote, kwa malori ya maji yanayopita barabara ambazo mvua huzikata, ni utafiti halali kabisa wa shahada ya kwanza. Barabara ya Ikutha si barabara ya kitabuni. Mto ukijaa, ramani nzima hubadilika.

Sasa twende Kyuso, na hapa nitakawia kidogo.

Kyuso iko kaskazini mwa Kitui, upande wa Mwingi. Kama kwingi kwingine Ukambani, watu wa huko hutegemea pampu za mkono kuvuta maji ya chini ya ardhi. Pampu ikiharibika, akina mama na punda wao hurudi mtoni kuchimba mchanga. Na sehemu kubwa ya shida ni habari: mwenye uwezo wa kuitengeneza yuko mbali na hajui kwamba imeharibika. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, miongoni mwao Rob Hope, Patrick Thomson na Tim Foster, walilifikiria jambo hilo. Wakaingiza katika mpini wa pampu kifaa kidogo chenye kihisi cha mwendo, aina ile ile inayofanya picha igeuke ukiilaza simu yako ubavu. Mpini ukipanda na kushuka, kifaa huhesabu, kisha hutuma hesabu hiyo kwa arafa kama simu ya kawaida. Kwa idadi ya mipigo unaweza kukadiria maji yaliyotoka. Na pampu iliyonyamaza siku nzima katikati ya kiangazi ina neno. Anayesimamia atamtuma fundi bila kungoja mtu apande matatu kwenda kuripoti.

Majaribio yalipofanywa Kyuso mnamo 2012 na 2013, wastani wa muda wa kungojea ukarabati ulishuka kutoka wiki kadhaa hadi chini ya siku tatu. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa huduma ya FundiFix, ambayo hutunza miradi ya maji vijijini Kitui na Kwale.

Mwanafunzi akiitazama pampu hiyo ataona nyanja nyingi za utafiti zimekutana kwenye mpini mmoja. Kuna kompyuta ndogo iliyofichwa ndani ya chombo, ambayo haina kioo wala kibodi na inapaswa kuishi kwa betri miezi mingi katika joto na vumbi: hiyo ni nyanja ya mifumo pachikwa. Kuna mawasiliano katika sehemu ambayo mtandao huja na kwenda kama mvua za vuli: hiyo ni nyanja ya mitandao. Kuna namba zinazoingia kila saa kutoka visima vingi, na lazima mtu azihifadhi, azichuje, azitofautishe namba za kweli na za mtoto anayecheza na mpini: hiyo ni sayansi ya data. Halafu kuna swali ambalo wanakompyuta huliona la watu wengine, kumbe ni lao. Nani aone namba hizo? Kamati ya kijiji? Serikali ya kaunti? Mfadhili?

Wala hawakukomea hapo. Watafiti wa chuo hicho hicho waliligeukia jambo ambalo wengi wangelitupa kama kelele, yaani mitetemo midogo ya mpini. Kwa data kutoka pampu za Kwale, mwaka 2017 walichapisha kazi iliyoonyesha kwamba mitetemo hiyo, ikipitishwa katika mbinu za kufunza mashine, inaweza kusaidia kukadiria kina cha maji ardhini. Maji yakishuka, mpini hutetemeka tofauti. Fikiria hilo kwa makini. Mama anayechota maji yake ya jioni, bila kuongeza kazi yoyote, anakuwa anapima kisima. Sijui kama nimewahi kusoma utafiti wa kompyuta ulionifurahisha zaidi ya huo, na mimi kazi yangu ni ngeli na viambishi!

Lakini furaha hiyo ina uchungu wake. Mwaka 2013, majaribio ya Kyuso yakiendelea, ndio mwaka ambao Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kilipata hati yake kamili ya kuwa chuo kikuu. Kiko Kwa Vonza, kaunti ile ile ya Kitui, mahali palipokuwa chuo cha kilimo cha Ukamba kabla ya kugeuzwa chuo kikuu kishiriki mwaka 2008. Kina tawi lake Wote, Makueni. Siwalaumu watu wa Oxford. Waliuliza swali zuri na wakalifanyia kazi pamoja na wenyeji. Kinachoniuma ni kwamba wanafunzi waliokulia kwenye foleni za visima hivyo wameshawishika kwamba kisima si sayansi ya kompyuta, hosteli ndiyo sayansi ya kompyuta.

Maswali hayajaisha. Ukambani unajulikana duniani kote kwa mabwawa ya mchanga. Watu hujenga ukuta kukata mto wa msimu. Mafuriko yakija, mchanga hujaa nyuma ya ukuta, na maji hujificha ndani ya mchanga ambako jua haliyafikii. Ni akiba ya ajabu. Ila akiba yenyewe haionekani. Mchanga wa Julai na mchanga wa Oktoba ukiutazama kwa juu ni mchanga tu. Je, vihisi vichache vya bei nafuu vinaweza kuiambia jamii imebakiwa na maji ya wiki ngapi? Viwekwe vingapi, na wapi, ili kosa la makadirio lisiwe kubwa mno? Picha za setilaiti zinaweza kusaidia? Hapo kuna miradi ya wanafunzi watano, na bado nafasi ya shahada ya uzamili.

Nikitaja akili unde, naona wasomaji wakichangamka. Ndiyo nyanja inayopigiwa debe siku hizi. Katika kufunza mashine, badala ya kuandika kanuni moja baada ya nyingine, unaipa kompyuta mifano mingi na kuiacha itafute ruwaza. Ukiipa picha za majani yenye ugonjwa na yasiyo na ugonjwa, itajifunza kuyatofautisha. Programu inayoitwa Nuru, iliyotokana na mradi wa PlantVillage wa Chuo Kikuu cha Penn State, hufanya kazi ya namna hiyo kwa mihogo na hata kwa viwavijeshi wa mahindi, na hufanya kazi kwenye simu isiyo na intaneti.

Vijana wakisikia hivyo hufikiri kazi imekwisha. Haijaisha. Mwaka 2016, watafiti waliokuwa wakitumia mkusanyiko wa PlantVillage wa zaidi ya picha 54,000 za majani walipata usahihi wa zaidi ya asilimia 99. Waliposhika mfumo ule ule na kuujaribu kwa picha zilizopatikana kwingineko, zisizopigwa katika mazingira yale yale, usahihi ulianguka hadi takriban asilimia 31. Kisa? Picha za kufunzia zilikuwa za jani moja moja, limewekwa mahali safi, mwanga umetulia. Shambani majani yanapandana, kuna vivuli, kuna mkono wa mtu, kuna vumbi. Watafiti hao waliandika matokeo yote mawili waziwazi, na kwangu mimi ile namba ndogo ndiyo yenye thamani, kwa kuwa ndiyo inayomwambia mwanafunzi pa kuanzia.

Kwa hivyo mwanafunzi wa Makueni, kaunti ya maembe, asinakili programu ya Ulaya na kuibandika nembo mpya. Nzi wa matunda anasumbua wakulima kuanzia Wote hadi Kibwezi. Wakulima huweka mitego, na mtu huenda kuhesabu nzi walionaswa. Je, simu ya bei ya chini inaweza kuwahesabu kwa picha? Wakiwa wamerundikana je? Picha ikipigwa saa saba mchana, jua la Kathonzweni likiwa utosini, itakuwaje? Hayo hayamo katika picha 54,000 za mtu mwingine. Yanahitaji kijana mwenye viatu vya vumbi.

Sasa niingie kwenye shamba langu mwenyewe, lugha.

Kompyuta haijui lugha, inajua namba. Kuifanya ishughulikie lugha ya binadamu ni nyanja kubwa ambayo wengine huiita isimu kompyuta. Ugumu wake utauona kwa mfano mdogo. Mwambie kijana wa Mwingi, “Niletee mbuzi,” atakwenda zizini. Mwambie kijana wa Lamu maneno yayo hayo ukiwa jikoni, atakuletea kigoda cha kukunia nazi. Binadamu hutumia mahali, mtu na shughuli iliyopo kujua maana. Mashine itumie nini?

Kiswahili kina ugumu wa pili. Neno hawatatupikia ni sentensi nzima: ha- ya ukanushi, -wa- ya nafsi, -ta- ya wakati ujao, -tu- ya mtendwa, mzizi -pik-, -i- ya kutendea na kiishio -a. Kompyuta inayotenganisha maneno kwa kutazama nafasi tupu itaona neno moja tu ambalo haijawahi kukutana nalo. Profesa Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alilishughulikia tatizo hilo mapema. Mwaka 1992 alichapisha makala kuhusu jinsi kompyuta inavyoweza kuchanganua mofolojia ya lugha za Kibantu kwa kutumia Kiswahili kama mfano. Kazi yake ilikua ikawa mfumo unaoitwa SALAMA. Naam, Kiswahili kilichanganuliwa Ufini wakati wengi wetu hapa tulikuwa hatujagusa kompyuta.

Na Kikamba? Kikamba kina irabu saba, si tano kama Kiswahili. Mbili kati yake huandikwa kwa alama juu: ĩ na ũ. Mũndũ ni mtu, mũtĩ ni mti, na jina la kaunti yenyewe huandikwa Kĩtui. Sasa chukua simu yako ujaribu kuandika mũndũ haraka haraka. Wengi huandika mundu na kuendelea na maisha. Msomaji Mkamba anaelewa kwa kuwa anaijua lugha. Kompyuta haijui, nayo huhesabu mundu na mũndũ kuwa maneno mawili yasiyohusiana. Mwaka 2007, Peter Waiganjo Wagacha wa Chuo Kikuu cha Nairobi akiwa na wenzake wa Ubelgiji, Guy De Pauw na Gilles-Maurice de Schryver, walionyesha jinsi mashine inavyoweza kujifunza kurudisha alama hizo katika lugha kadhaa za Afrika, Kikamba na Kikuyu zikiwemo, kwa kutazama herufi jirani tu. Mwanafunzi anaweza kuichukua kazi hiyo leo, airudie kwa mbinu mpya, alinganishe matokeo. Kurudia kazi ya mwingine kwa uaminifu ni mlango mzuri sana wa kuingilia utafiti, ingawa baadhi ya wasimamizi huudharau.

Tatizo kubwa la Kikamba ni uhaba wa matini. Mashine za siku hizi ni walafi. Hula maandishi kwa mamilioni ya maneno. Mradi wa KenCorpus, ulioshirikisha vyuo vikuu vya Maseno, Nairobi na Africa Nazarene na ambao matokeo yake yalitangazwa 2022, ulikusanya matini na sauti za Kiswahili, Kijaluo na lahaja tatu za Kiluhya. Ni kazi ya kupongezwa, lakini Kikamba hakimo humo. Ajabu ni kwamba Kikamba kiliwahi kuchapishwa mapema mno: Johann Ludwig Krapf, yule aliyeuona Mlima Kenya akiwa Kitui mwaka 1849, alichapisha tafsiri ya Injili ya Marko kwa Kikamba mwaka 1850. Tangu hapo maandishi mengi ya lugha hii yamekuwa ya dini. Basi mtu akitafuta matini za kufunza mashine ya kutafsiri, anaangukia Biblia. Mashine iliyolishwa Biblia peke yake itakuombea vizuri sana, lakini mwambie mtoto anaharisha tangu jana na umempa maji ya chumvi na sukari, uone kama itakuelewa!

Nilipowaeleza hayo wanafunzi wa kikundi kimoja kilichonialika hivi majuzi, kijana mmoja wa nyuma aliinua mkono. “Mwalimu, kwani hiyo si kazi ya watu wa lugha?” Kabla sijajibu, msichana aliyeketi karibu naye akamgeukia: “Wewe susu yako akipigiwa simu na hospitali, huwa anaongea na mashine kwa lugha gani?” Darasa likacheka. Susu, kwa wasiojua, ni nyanya kwa Kikamba. Kijana akasema, “Mimi ndiye humtafsiria.” “Na usipokuwepo?” Hakujibu. Nami niliona swali la msichana yule limetosha kuwa sura ya kwanza ya tasnifu.

Susu huyo ananipeleka kwenye nyanja mbili ambazo hupenda kuandamana, usalama wa kompyuta na uhusiano kati ya watu na mashine. M-Pesa ilianzishwa Machi 2007, na tangu hapo pesa za Ukambani zimekuwa zikisafiri hewani. Usalama wa mawasiliano ya kidijitali umesimama juu ya mawazo mazito ya hisabati, mathalan lile la Whitfield Diffie na Martin Hellman la mwaka 1976, lililoonyesha jinsi watu wawili wasiowahi kukutana wanavyoweza kukubaliana siri huku adui akisikiliza kila neno. Mawazo hayo ni imara. Lakini mifumo mingi imejengwa kwa kudhani kwamba kila mtu ana simu yake, kila simu ina mwenyewe mmoja, na namba ya siri iko kichwani mwa mtu mmoja. Vijijini si hivyo. Macho ya mzee hayaoni vizuri, hivyo namba ya siri anayo mjukuu, au wakala, au jirani. Wanausalama husema mzee amekosea. Mimi nasema mfumo haukumwona mzee. Ni vipi mtu atamwamini mwingine amsomee kioo bila kumkabidhi pesa zake zote? Sauti inaweza kuwa namba ya siri? Na siku akishikwa na mafua? Mtafiti anayetaka kujibu hayo atahitaji hisabati, na atahitaji pia kuketi kwenye benchi la duka la wakala siku nzima akitazama.

Zipo nyanja nyingine ambazo sitazichambua: uhandisi wa programu, hifadhidata, michoro ya kompyuta, roboti, ujenzi wa kompyuta zenyewe. Si kwamba ni ndogo. Nafasi ya gazeti ndiyo ndogo.

Lakini siwezi kumpita Profesa Muthoni Masinde. Huyu ni mwanakompyuta Mkenya aliyefundisha Afrika Kusini, na mfumo wake wa kutabiri ukame, ITIKI, ulianzia Mbeere, ng'ambo tu ya Mto Tana ukitoka Kitui. Alichofanya ni kuunganisha vitu ambavyo kwa kawaida havisalimiani: vituo vya hali ya hewa, vihisi vidogo, simu za mkononi, hesabu za akili unde, na maarifa ya wazee kuhusu miti inayochanua na ndege wanaokuja kabla ya mvua. Wazee wamekuwa wakikusanya data kwa vizazi. Walichokosa ni mtu wa kuiandika kwa namna ambayo mashine inaweza kuilinganisha na vipimo vya mvua. Na anayetaka kuifuata njia hiyo Ukambani lazima akijue Kikamba vizuri, kwa sababu majina ya miti na ndege hao hayamo katika kamusi ya Kiingereza.

Najua swali linalofuata, kwa kuwa huulizwa kila mara: itanipa kazi? Wazazi wengine huiuza ng'ombe ya mwisho kulipa karo, kwa hivyo si swali la kudharau. Jiji la teknolojia la Konza liko Makueni, pale Malili, kwenye ekari 5,000, na jiwe la msingi liliwekwa Januari 2013. Kituo cha data kipo, na Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilichoanzishwa 2023 kina makao yake hapo. Siwezi kumuahidi mtu ajira. Ninachoweza kusema ni kwamba katika mahojiano ya kazi, aliyeunda mfumo wa hosteli atakutana na wenzake mia mbili waliounda mfumo wa hosteli. Aliyehesabu nzi wa maembe kwa simu ya bei ya chini na akaeleza kwa nini makadirio yake yalikosea siku za mawingu atakuwa na la kusimulia.

Nije kwenye namna ya kuanza. Mada kama “Akili unde katika kilimo” si mada, ni bahari. Ipunguze hadi uone ukingo wake. “Je, picha zilizopigwa kwa simu ya kawaida kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni zinaweza kutumiwa kuhesabu nzi wa matunda katika mitego ya mashamba 10 ya Kalamba, na kosa la kuhesabu likawa kiasi gani?” Hilo unaweza kulimaliza kabla ya kuhitimu. Kisha soma kazi tano zilizokutangulia, si hamsini, lakini uzisome hadi mwisho, hasa ile sehemu ya nyuma ambapo waandishi hukiri walichoshindwa kukifanya. Nyingi hupatikana bure kwenye intaneti. Na uandike muhtasari wako kwa Kiswahili au kwa Kikamba kabla ya kuuandika kwa Kiingereza. Wanafunzi wengi hujificha nyuma ya istilahi za Kiingereza wasizozielewa. Lugha ya nyumbani haikupi pa kujificha.

Halafu kuna suala la ruhusa, ambalo vijana huliacha hadi dakika ya mwisho. Utafiti wa kisayansi nchini huhitaji leseni ya NACOSTI, kwa hivyo muulize msimamizi wako mapema taratibu za chuo chenu. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 nayo inahesabu taarifa zozote zinazoweza kumtambulisha mtu kuwa data yake binafsi, sauti yake ikiwemo. Ukienda Tseikuru kurekodi wazee wakizungumza Kikamba, mweleze kila mmoja, kwa lugha anayoielewa, sauti yake itakaa wapi, nani ataisikia, na afanye nini akitaka ifutwe. Akikataa, mshukuru, unywe uji uliokaribishwa, uende boma la pili.